JINSI YA KUTUNZA MOTOKAA YA HEMA INAYOLALA NJE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita



Katika sikukuu ya wanafunzi wa zamani mwaka huu, bwana mmoja aliyesoma hapa zamani aliingia kiwanjani na motokaa nyeusi ambayo paa lake lilikuwa limekunjwa nyuma, nasi sote tukakimbilia kuitazama. Bwana yule alitafuta kivuli, akakiona chini ya ule mti mkubwa ulio nyuma ya kanisa, akaegesha hapo. Alibonyeza kitufe, na hema likajifunga lenyewe. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamwomba kwa adabu aiondoe pale. Alicheka akaniambia, "Kijana, kivuli ni kivuli. Wataka viti vyangu viungue?" Kisha akaenda zake kusali. Sisi tunaokaa hapa twajua ya kuwa juu ya mti ule hutua makalooli, wale ndege wakubwa wa Kampala wenye kipara na mfuko shingoni. Ibada ilipokwisha, motokaa haikuwa nyeusi tena.

Bwana yule hakukasirika. Tulipokuwa tukimwagia hema lake maji aliniuliza nimejifunza wapi mambo haya, nikamweleza kwa ufupi. Akasema, "Basi yaandike katika gazeti la shule, maana wengi wetu twazinunua motokaa hizi na hatujui kuzitunza." Hiyo ndiyo sababu ya makala hii.

Najua wenzangu watauliza, huyu ambaye hana hata baiskeli amekuwaje mwalimu wa motokaa za fahari? Jibu ni kwamba karo yangu hutoka katika motokaa ya namna hiyo, na kwamba nimekwisha kuiharibu mara moja kwa mikono yangu mwenyewe. Nitayasimulia yote mawili.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, anakaa Bukoto, karibu na barabara iendayo Kisaasi. Kazi yake ni kupiga picha za arusi. Nyumba yake ni ya kupanga. Ina ua, lango, ukuta na mparachichi mmoja, lakini haina banda la motokaa. Katika ua ule hulala Mazda nyekundu ya viti viwili, iliyotengenezwa Japani mwaka 1993. Kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, na nchi nyingine zaijua kwa jina la MX-5. Watu waliiona kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Chicago mwaka 1989, na ilipofika mwaka 2016 walikuwa wamekwisha kutengeneza milioni moja za jina hilo. Siku za Jumamosi mjomba huikodisha kwa maarusi. Kwa kuwa ina viti viwili tu, hapana nafasi ya dereva, bwana arusi hana budi kuendesha mwenyewe, na mabwana arusi wengi hupenda hivyo.

Jambo moja lazima mlifahamu kabla sijaendelea. Mjomba aliinunua motokaa hii zamani kidogo. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilibadilishwa, ikakataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka kumi na mitano au zaidi. Basi ile ya mjomba ikioza, hawezi kuagiza nyingine ya rika lake. Na ikioza, nami nakaa nyumbani.

Sasa, hema lenyewe ni kitu gani? Motokaa za kwanza duniani karibu zote zilikuwa wazi, na hema lilikuwa turubai la kujikinga mvua tu. Katika miaka ya 1920 ndipo paa la bati lilipozidi kuenea. Hema za siku hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya vinili, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki laini hata kikafanana na ngozi. Ndiyo ya mjomba. Ya pili ni ya kitambaa chenye matabaka matatu: juu kitambaa kigumu, katikati mpira mwembamba unaozuia maji, na chini kitambaa cha kupendeza macho ya walio ndani. Hiyo ndiyo ya bwana wetu wa sikukuu. Hema la mjomba, tena, lina dirisha la nyuma la plastiki linalofungwa kwa zipu. Zile za baadaye zina dirisha la kioo, nazo zina taabu ndogo zaidi.

Basi sikilizeni kisa changu.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa Mei, nikiwa Kidato cha Tano. Mjomba aliitwa Mbarara kwa ajili ya mazishi na mambo ya urithi, akakaa huko karibu majuma mawili. Alipoondoka aliniachia ufunguo, akasema, "Mpwa wangu, hiyo motokaa ni shamba letu. Itazame." Mvua za masika zilikuwa bado zanyesha. Kwa siku tatu za kwanza nilisimama dirishani nikiitazama ikilowa, na moyo wangu ukaniuma kana kwamba ni ng'ombe aliyeachwa nje. Siku ya nne nilinunua turubai la plastiki la rangi ya buluu, nikaifunika motokaa yote mpaka chini, nikaifunga kwa kamba kama mzigo wa basi. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, niliifunika ikiwa imelowa. Pili, sikujua ya kuwa maji yalikuwa yamekwisha kuingia ndani, chini ya zulia, mahali ambapo jicho halifiki. Mchana jua lilipochomoza kati ya mvua na mvua, joto liliyageuza maji yale kuwa mvuke. Mvuke ukapanda, ukakuta turubai, ukakosa njia. Usiku baridi ilipoingia, ukageuka matone tena ukaanguka ulikotoka. Mmewaona mama zetu wakipika matoke? Huyafunga katika majani ya mgomba, wakayabana sana ili mvuke usitoke, nayo huiva vizuri. Ndivyo nilivyoipika motokaa ya mjomba kwa siku tisa.

Siku ya Ijumaa mjomba alipiga simu kusema anarudi usiku, na ya kuwa kesho yake kuna arusi. Nilifungua turubai. Harufu iliyotoka ilikuwa kama ya gunia la mihogo lililosahauliwa. Chini ya hema, katika mikunjo, na katika mishono ya viti, kulikuwa na madoa ya kuvu, mengine meusi, mengine ya kijivu yenye manyoya. Niligusa zulia kwa mkono, likaonekana kavu juu. Nikafanya nini? Nilichukua kitambaa nikafuta kuvu lote nililoliona, nikanyunyiza manukato ya mkaza mjomba bila idhini yake, nikaacha milango wazi saa mbili. Mkaza mjomba alipotoka jikoni aliuliza, "Mbona hiyo motokaa yanuka maua?" Nikasema nimeisafisha kwa ajili ya arusi. Mjomba aliporudi usiku sikumwambia neno.

Kesho yake bibi arusi akaketi. Kiti kilikuwa kikavu juu, lakini sponji yake ndani ilikuwa imejaa maji, na mtu akiketi juu ya sponji iliyojaa maji, nyote mwajua litakalotokea. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga picha. Bibi arusi aliposhuka akageuka ili apigwe picha ya mkia wa gauni, mjomba aliliona doa kupitia kamera yake: duara la rangi ya udongo, kubwa kuliko sahani, katikati ya gauni jeupe. Aliniambia baadaye kwamba alidhani kioo cha kamera kimechafuka, akakifuta mara mbili.

Mjomba alirudisha fedha zote za motokaa, akalipa na gharama ya kusafisha gauni, na picha akawapa bure. Fedha zile zilikuwa zimekusudiwa kazi nyingine. Nilirudi shuleni majuma mawili baada ya wenzangu, na wale tunaosoma pamoja watakumbuka niliwaambia nilikuwa na homa. Sikuwa na homa.

Jumatatu yake mjomba aliniita uani. Hakunipiga wala hakunitukana, ingawa ningependa angefanya mojawapo tukamaliza. Alikuwa na kikombe cha maji. Alifungua mlango, akavuta kiti mbele, akanionyesha nyuma yake, pembeni, chini ya hema, tundu ambalo sikupata kuliona. Akamimina kikombe ndani. Akasema, "Chungulia chini ya motokaa uniambie maji yanatoka wapi." Nililala chini nikachungulia. Hayakutoka po pote.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nadhani wenye motokaa hizi tisa katika kumi hawalijui. Hema halizuii maji yote, wala halikukusudiwa kuyazuia yote. Maji yanayoteremka nyuma ya hema huingia kwa makusudi katika mfereji mdogo uliofichwa ndani, kisha hushuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande nyuma ya viti, yakatokea chini ya motokaa mbele ya magurudumu ya nyuma. Mirija ile ikiziba kwa majani na vumbi, maji hayarudi juu kukuuliza yaende wapi. Huingia chini ya zulia, na katika vizingiti vya milango, yakaozesha bati kutoka ndani. Mazda nyingi za rika hili zimekufa kwa kuoza pale pale, karibu na magurudumu ya nyuma, huku hema zake zikiwa nzima.

Nimefanya hesabu, maana najua wapo watakaosema maji ya paa dogo ni kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Hema la mjomba nimelipima kwa futi kamba, lina kadiri ya mita moja na nusu za mraba. Mvua moja kubwa ya masika, tuseme milimita 40, huliangushia lita 60. Hayo ni madumu matatu yale ya kuchotea maji, kwa mvua moja. Hata kama theluthi moja tu ndiyo ielekeayo nyuma, ni dumu zima linalotafuta kupita katika matundu mawili yasiyozidi kidole. Sasa jani moja la mparachichi lina upana gani?

Kwa hiyo, kazi ya kwanza kwa mwenye motokaa ya hema ni kuzibua mirija, kabla ya kununua dawa au kifuniko cho chote. Mimi natumia mrija laini wa plastiki, ule wanaotumia waashi kupimia usawa kwa maji. Nauingiza taratibu, nauzungusha, nautoa, kisha namimina maji kidogo kidogo. Msitumie waya mgumu wa kutundikia nguo, kwa sababu utatoboa mrija au kuuchomoa mahali pake, na hapo mtakuwa mmeongeza taabu. Wakati wa kiangazi mara moja kwa mwezi yatosha. Wakati wa mvua nafanya kila juma la pili, na mahali penye mti kila juma. Mwisho wa kazi ni kikombe cha maji kila upande, na mtu wa kuchungulia chini.

Na kama maji yamekwisha kuingia, kuacha milango wazi saa mbili hakusaidii kitu. Hapana budi viti vifunguliwe vitolewe, zulia linyanyuliwe, na sponji iliyo chini yake ianikwe. Ile ya mjomba tulianika siku nne kwenye kamba ya nguo, tukiingia nayo ndani kila mvua ilipotishia. Bati chini lilikuwa limeanza kutu. Tulilikwangua na kulipaka rangi ya kuzuia kutu. Kuvu tuliliondoa kwa siki nyeupe kidogo iliyotiwa katika maji, tukijaribu kwanza mahali pa siri kuona kama rangi haibadiliki. Jiki ni hatari, maana hufifisha rangi na kuoza nyuzi za mishono. Hema likiachana mshono, fundi atataka fedha ambazo hutazipenda.

Sasa habari ya kifuniko. Baada ya kisa changu mtadhani nitasema msifunike kabisa. La. Kifuniko kizuri kipo, ni kile cha kitambaa kinachozuia matone lakini kinapitisha mvuke. Huuzwa kwa kipimo cha kila namna ya motokaa, walakini si rahisi. Hata hicho kisiwekwe juu ya motokaa iliyolowa, wala juu ya motokaa yenye vumbi, maana upepo ukikitikisa, vumbi hugeuka msasa. Vumbi letu jekundu la Kampala lina mchanga mkali ndani yake. Nimeona dirisha la plastiki lililokwaruzwa na kifuniko hata likawa kama barafu, halionyeshi nyuma. Turubai la plastiki ni jema kwa kufunika matofali.

Lililo bora kuliko kifuniko ni kivuli kisichogusa motokaa. Mjomba hakuruhusiwa na mwenye nyumba kujenga banda, basi tulisimika miti minne tukatandaza juu neti nyeusi, ile inayotumiwa na watu wa vitalu vya miche kupunguza jua. Haizuii mvua. Lakini hupunguza ukali wa jua, hukamata majani ya mparachichi kabla hayajafika mirijani, na upepo hupita chini yake saa zote. Mvua ikiisha, motokaa hukauka yenyewe. Tangu tuiweke sijapata kuona kuvu.

Ama jua, hilo ni adui wa pili, nalo halina haraka. Plastiki ya vinili hubaki laini kwa sababu imechanganywa na mafuta maalumu. Joto na ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho huyapunguza mafuta hayo mwaka hata mwaka, mpaka hema linakuwa gumu na kupasuka pale linapokunjwa. Dirisha la plastiki hugeuka manjano. Na jua letu si la mchezo: Kampala iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,200, na toka Bukoto hadi mstari wa ikweta, ule wanaopigia picha watalii pale Kayabwe katika njia ya Masaka, ni chini ya kilomita 40 ukienda moja kwa moja kama ndege.

Hapa jiografia ya darasani ilinisaidia kweli. Mjomba alikuwa na desturi ya kuegesha kando ya ukuta wa kaskazini wa ua, akidhani kwamba ukuta ni ukuta. Mwezi wa Juni jua letu la adhuhuri limesogea kaskazini nyuzi 23 hivi toka utosini, na mwezi wa Desemba limesogea kusini karibu kiasi hicho hicho. Chukueni ukuta wa mita tatu mfanye hesabu ya tangenti: kivuli chake adhuhuri ya Juni ni mita moja na robo tu, na motokaa ya mjomba ina upana wa karibu mita moja na sentimita 70. Yaani hata katika mwezi wake mzuri ukuta ule hauifuniki motokaa nzima, na miezi sita mingine hauifuniki hata kidogo. Lakini mkiegesha upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi, ambalo si kali sana, litaipiga na kukausha umande, na mchana ukipinduka kivuli cha nyumba kitaanza kuifunika. Kumbukeni ya kuwa saa zetu hufuata longitudo 45, nasi tuko kama 32 na nusu. Ndiyo maana jua hufika juu kabisa karibu na saa saba, si saa sita. Kufikia saa kumi kivuli huwa karibu sawa na kimo cha ukuta. Nilichora haya yote katika karatasi nikampelekea mjomba. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akahamisha motokaa bila kusema neno, na toka siku ile akaanza kuniita Bwana Jiografia.

Habari ya kivuli cha miti sitasema mengi, kwa kuwa yule bwana amekwisha kuwafundisheni. Mavi ya ndege yana asidi inayokula rangi na kitambaa, na mkiyakwangua yakiwa makavu mwalisugulia hema mchanga. Yalowesheni kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kumi, kisha yaondoeni polepole. Kalooli hasa ni wa kuogopwa, maana hula takataka za mji mzima, naye mwenyewe hujinyea miguuni ili apoe. Ndiyo maana miguu yake ni meupe. Mwembe hudondosha utomvu. Na chini ya mfenesi msiegeshe hata dakika tano. Fenesi moja laweza kupita kilo ishirini, na hema ni kitambaa.

Kuhusu kuosha: tumieni maji mengi, brashi laini, na sabuni nyororo kidogo, kisha suuzeni mpaka povu liishe kabisa. Wale vijana wa vituo vya kuoshea magari ni hodari, lakini ile pampu yao yenye nguvu haifai kwa hema. Husukuma maji ndani ya mishono na kuufungua ukingo wa dirisha. Mjomba huwaambia waoshe magurudumu na mwili, na hema huniachia mimi. Hema la kitambaa, baada ya kuoshwa na kukauka sana, hutaka kupakwa tena dawa ya kuzuia maji. La vinili hutaka dawa yake yenye kinga ya jua. Mafuta ya kula, ambayo nimeona mtu akiyapaka ili hema ling'ae, hukusanya vumbi na kunuka.

Tena, hema likilowa lisikunjwe. Hili ni gumu kutii, maana mvua ya Kampala huja kwa ghafula, ikapita, jua likatoka, na mtu atamani kufungua aonekane. Ngojeni likauke. Maji yakifungiwa ndani ya mikunjo, mnarudia turubai langu kwa njia nyingine. Lakini pia lisiachwe limekunjwa majuma mengi, kwa kuwa hujikaza na siku ya kulifunga halifiki mahali pake. Motokaa ikilala nje, hema na liwe limefungwa. Kwa lile la dirisha la plastiki, fungueni zipu kwanza mlilaze dirisha juu ya kitambaa safi cha pamba, ndipo mkunje.

Ndani hapana mengi. Viti vya ngozi vitiwe mafuta yake ya ngozi kila baada ya miezi michache, na juu ya usukani na dashibodi tandikeni shuka jeupe motokaa inapokaa juani. Mkaza mjomba, ambaye alinisamehe habari ya manukato, huweka kikapu kidogo cha makaa nyuma ya viti ili kuvuta harufu, na hubadilisha makaa kila mwezi; yale ya zamani huyapikia. Msiache kitu cho chote cha thamani ndani, hata mfuko mtupu. Hema halina kinga mbele ya wembe, na mwizi atakayelipasua kutafuta mfuko mtupu atawagharimu kuliko aliyeiba mfuko wenye fedha.

Yule bwana wa sikukuu alinisikiliza yote haya huku shati lake likiwa limelowa. Kisha akasema motokaa yake ni mpya, ya Kijerumani, na haiwezi kuwa na matundu ya namna hiyo. Nilimwomba afungue hema nusu. Tulichungulia katika shimo linamokunjwa hema, na pembeni, chini kabisa, tundu likaonekana. Mwenzangu mmoja alileta kikombe kutoka bwenini. Tulimimina upande wa kushoto, na kijana wa Kidato cha Kwanza aliyelala chini akapiga kelele, "Yanatoka!" Tukamimina upande wa kulia. Tukangoja. Bwana yule akavua koti lake, akalala chini majanini mwenyewe kando ya kijana yule, akatazama kwa muda.

"Huo mrija wa waashi," akasema akiwa bado chini, "wauzwa wapi?"